Trela Lako na Pima Maji ya Baba

Nyumbani, uani,
Jumapili jioni, tarehe kumi na tisa.

Mpendwa Kaka,

Salamu zangu zikufikie huko mbali uliko, wewe, wifi na watoto. Natumaini mgongo wako umepoa na baridi haijakuuma sana mwaka huu. Je, wifi amepona lile jino? Na yule mkubwa wenu bado anakataa kunyolewa? Sisi huku miili ni mizima, tunakula, tunalala. Nyonga ya Mama inaunga vizuri, daktari kafurahi. Ukiuliza moyo wangu lakini, Kaka, umechafuka. Nimechefukwa tangu Jumanne na sijui nitachefukwa mpaka lini, na sehemu kubwa ya kinachonichefua ni mimi mwenyewe.

Barua hii ni ndefu, tafuta kiti. Ila kabla hujaendelea kusoma: kama ile fomu ya makao ya wazee bado iko mezani kwako, usiisaini. Kama umeshaisaini, usiitume. Kama umeshaituma, waandikie kesho asubuhi kwamba umebadili mawazo. Mwenye makao ameniambia kitanda cha Mama atakishikilia hadi mwisho wa mwezi, na anachosubiri ni sahihi yako tu, wewe mtoto wa kwanza. Sababu utaiona huko mbele.

Mwezi uliopita nilikuandikia kwamba akili ya Mama inapungua. Nilijaza kurasa nne. Kwamba anasema kuna mtu anamfungulia mlango. Kwamba anatembea kama aliyelewa. Kwamba anaulizia kiberiti kila siku kama mtu anayetaka kutuchoma sote. Na lile la sinki, ambalo hata leo naona haya kuliandika tena. Wewe ukafanya ambalo mtoto yeyote mwema angefanya, ukatafuta mahali pa kumweka. Sikulaumu. Habari mbovu ulizipata kwangu.

Sasa nikurudishe mwanzo. Unakumbuka Mama alipotoka hospitali, ngazi za ghorofa yake hazikupandika tena. Kwangu vyumba ni viwili, na mlango wa bafu ni mwembamba hivi kwamba fremu yake ya kutembelea haipiti. Wewe ndiye uliyesema tuchukue lile trela lako la kambi, lililokuwa limeegeshwa gereji tangu mlipohama, tuliweke uani kwangu liwe chumba chake mpaka apone. Wazo lilikuwa zuri na nakushukuru kwalo mpaka leo.

Lakini Kaka, niruhusu nikuulize kitu kama dada yako. Wewe na wifi mlikuwa mnalala humo kwa hiari yenu? Mimi nafua mashuka ya hospitali, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Pua yangu haitishwi na mambo madogo. Nilipofungua ule mlango nilirudi nyuma hadi nikakanyaga mguu wa dereva aliyelileta. Godoro lilikuwa na ramani za nchi tatu. Kwenye kabati panya walikuwa wamezaa, wakalea, na wengine wakafa humo humo. Juu ya meza kulikuwa na kikombe chenye ukungu wa kijani ulioota nywele, na kwenye kikombe hicho kuna jina lako. Nimekihifadhi, siku ukija utakiosha mwenyewe.

Nilisugua siku mbili kwa maji ya moto na dawa ya hospitali. Nikatupa godoro, nikaweka jipya, nikatundika mapazia meupe. Baada ya hapo ndipo ikaja kazi ya kulisawazisha, na balaa lote limeanzia hapo.

Uwanja wangu unaujua. Hauna hata mahali pa kuweka ndoo ikatulia. Unateremka kuelekea mtaro, halafu tena unateremka kuelekea geti, kama vile mwenye kiwanja alimwaga udongo akaenda zake. Trela lina magurudumu mawili tu katikati, mkono wa kuvutia mbele, na miguu minne ya chuma kwenye pembe. Ukiliacha lilivyosimama, mgonjwa analala kichwa chini miguu juu. Na mgonjwa mwenyewe ana nyonga ya kushikizwa kwa chuma. Dada wa mazoezi, yule mtaalamu anayekuja kumwongoza Mama kutembea, alikuwa ametuonya mapema kwamba sakafu lazima iwe sawa kabisa.

Shemeji yako akajitolea. Unamjua mume wangu. Mtaa mzima humwita Jicho, kwa sababu anachora mabango ya maduka na maisha yake yote hajawahi kushika rula. Asubuhi hiyo aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu lisikimbie, hilo sikatai. Kisha akaanza kukusanya uchafu. Tairi bovu. Kipande cha kabati kilicholiwa na mchwa. Ndoo ya rangi iliyokauka ndani. Tofali lililopasuka lililokuwa linakaa chini ya bomba la maji machafu, lenye utelezi wa kijani na konokono wake bado yumo. Vyote hivyo akavipachika chini ya trela la mama mkwe wake. Akarudi nyuma hatua tano, akafumba jicho moja, akasema, "Hapo. Sawasawa."

Nilichefukwa. Nakuambia ukweli, nilimtazama yule konokono akipanda kwenye gurudumu nikageuza uso. Mama alazwe juu ya jalala? Mtoto wa mwashi, mjane wa mwashi, asimamishiwe nyumba juu ya ndoo?

Nikaenda kuchukua mkoba wa zana wa Baba. Tangu mazishi unakaa juu ya kabati langu, na mtu akiugusa tunagombana. Wewe mwenyewe ndiye uliyenipa jina la Mkoba kwa sababu nikiwa mdogo nilikuwa naubeba nyuma yake kwenda kwenye majengo, na jina limeniganda hadi leo nina mvi. Vyote bado vimo kama alivyoviacha: mwiko, timazi, penseli bapa ya seremala, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kiberiti, na pima maji yake. Si zile ndefu za bati za siku hizi. Ile fupi ya mbao, urefu wa shubiri moja na nusu, aliyopewa na mwalimu wake wa kazi. Niliipangusa kwa kitambaa kisafi kama mtu anayepangusa uso wa mtoto.

Nikaiweka kwenye sakafu ya trela. Kiputo cha hewa kikakimbilia pembeni kabisa. Basi nilifurahi, Kaka! Nilimwita Jicho aje aone kwa macho yake hayo hayo anayojivunia. Nikabomoa kila alichopanga. Nikaomba matofali mapya ya saruji na mbao kavu kwa jirani anayejenga, na nikafanya kazi kama Baba alivyokuwa akifanya. Kwanza upana: gari la jirani huyo likavuta, gurudumu moja likapanda juu ya mbao. Kisha urefu: jeki chini ya mkono wa kuvutia, polepole, mpaka kiputo kikakaa katikati ya mistari miwili. Mwisho ile miguu minne ya pembeni, nikaishusha iguse tu, maana kazi yake ni kutuliza, si kunyanyua. Kila kitu kisafi. Ungepaka mkate siagi juu ya yale matofali ukala.

Jicho alisimama, mikono kifuani. Akasema limelala upande wa mtaro. Nikamuuliza kwa kipimo gani. Akasema kwa macho. Nikamwambia macho hayo hayo ndiyo yaliyoandika "Duka la Dawa" maandishi yakapanda kama ngazi, mwenye duka akadhani ni tangazo la ghorofa. Watu waliokuwepo walicheka, naye akaenda kunawa bombani, pale pale uani.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni mwa jikoni akitazama yote. Aliniuliza swali moja tu.

"Njiti umeweka?"

"Njiti gani, Mama?"

"Za kiberiti. Mbili."

Nikadhani anataka kuwasha jiko. Nikamwambia apumzike, chai nitaipika mimi. Akanitazama sana, akamtazama mume wangu, akanyamaza. Siku ile sikuona kitu. Leo nikilala naona vile alivyonitazama.

Haikupita wiki, vituko vikaanza. Mlango wa trela ukawa unafunguka wenyewe. Mama akasema, "Nani ananifungulia mlango?" Nikamwambia hakuna mtu, unasahau kuufunga. Uzi wake wa kufumia ukawa unapotea, na kila siku naukuta kona ile ile chini ya dirisha la upande wa mtaro, nami nikawa namgombeza kwa kuutupa. Akitembea na fremu, hatua tatu za kwanza nzuri, ya nne anaegemea kushoto, ya tano anashika ukuta. Dada wa mazoezi akaandika kwenye daftari lake. Alimjaribu wiki mbili, kisha akaniita pembeni, akasema nyonga haina tatizo, labda ni kichwa. Alisema kwa upole, akaongeza kwamba wazee wengi huanza hivyo, na kwamba kuna makao yenye wauguzi.

Na kila siku, Kaka, kila siku ya Mungu, Mama alikuwa ananiuliza taratibu nikiwa peke yangu naye, "Zile njiti umeweka?" Nikaogopa. Nikaficha viberiti vyote vya nyumbani. Nikamwondolea hata lile jiko dogo la gesi alilokuwa anachemshia maji. Ndivyo nilivyokuandikia wewe, kwamba anadai kiberiti na naogopa moto.

Sasa la sinki. Nitaliandika upesi. Trela likaanza kunuka. Kwanza kidogo, kisha ukifungua mlango inakupiga usoni, harufu ya mkojo uliokaa siku tatu. Mimi nina pua ya kazi, siwezi kukosea, ndivyo nilivyojiambia. Nikainama kwenye lile sinki dogo, nikaona maji ya kijivu yamesimama na utando juu yake. Nikageuka nikamwambia mama yangu mzazi, aliyenifulia nepi kwa mikono yake, kwamba aache kukojoa kwenye sinki. Nilimwambia kwa sauti, mlango ukiwa wazi, jirani anaanika nguo.

Hakujibu. Alikaa kitandani kimya kama maji mtungini. Siku ile, na ya pili, na ya tatu, hakusema neno hata moja na yeyote. Mimi nikauchukua ukimya wake kuwa ushahidi. Jioni ya siku ya tatu ndipo nilipokaa nikakuandikia zile kurasa nne. Baadaye kidogo neno moja moja likaanza kumrudi, la maji au la blanketi. Njiti hakuzitaja tena, nami nikashukuru.

Jibu lako lilipofika na nakala ya fomu, nilimsomea. Nilisoma kwa sauti nzuri, nikamwambia chumba kina dirisha. Akauliza atakwenda lini. Nikasema Kaka akisaini tu.

Jumanne nikaanza kumfungashia, ili siku ikifika tusihangaike. Sanduku moja, maana walisema moja. Nikamuuliza kuna kitu gani anataka kubeba zaidi ya nguo. Nilitegemea picha. Akasema anataka pima maji ya Baba.

Kaka, nitakuambia na hili, uone nilivyo. Nilikataa. Nikasema ile ni yangu, mimi ndiye nilikuwa nabeba mkoba. Nikasema huko hakuna cha kupima. Akaninyooshea tu mkono, kiganja juu, akauacha hapo hapo hewani mpaka nikaona aibu, nikaenda kuileta.

Akauliza mume wangu yuko wapi. Nikasema kazini. Akasema funga mlango ushikilie, maana unajua haukai. Akaiweka pima maji juu ya meza. Kiputo kikakaa katikati. Akaniambia, "Igeuze." Nikaigeuza upande huu ukaenda kule, kwenye meza ile ile, mahali pale pale. Kiputo kikakimbilia pembeni kabisa.

Nilijikalia. Hilo ndilo somo la kwanza Baba alilonifundisha, hata kabla sijajua kusoma: pima maji yoyote igeuze kabla hujaiamini, ya kweli itasema neno lile lile pande zote mbili. Nimewahi kuigeuza ya jirani, ya mafundi wa hospitali, hata ya dukani. Ya Baba sikuigeuza. Ingewezekanaje? Ilikuwa ya Baba.

Mama akafungua fundo la kitambaa chake cha mkononi. Akatoa njiti mbili za kiberiti, nyeusi vichwa, za zamani. Akaziweka chini ya ncha moja ya pima maji, ile yenye alama ya kuungua. Kiputo kikahama. Akasema, "Sasa ndiyo inasema kweli. Meza yako imelala, binti yangu. Na sakafu imelala, na mimi nimelala nayo."

Akanieleza. Baba aliiangusha kutoka kwenye jukwaa la mbao, mwaka ule ulipozaliwa wewe. Kioo chenye kile kiputo kikahama mahali pake. Angeweza kununua nyingine, lakini ile alipewa na mwalimu wake mbele ya mafundi wenzake, na fundi gani anataka isemwe pima maji yake inadanganya? Akapima akaona njiti mbili zinatosha kuirudisha. Kuanzia siku hiyo akawa anaweka njiti mbili chini ya ile ncha, mahali ambapo hakuna anayetazama, na kuta zake zote zikasimama. Unakumbuka alivyokuwa na kiberiti kwenye mfuko wa shati kila siku, na hakuvuta sigara hata siku moja? Mama aliijua siri hiyo kwa sababu njiti zilikuwa zinakwisha jikoni kwake. Baba akamwapisha asimwambie mtu, hata watoto, hasa watoto.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, hata nilipomwambia lile neno la sinki. Akasema, "Ningesema mbele ya mkwe? Nimwambie mkwe kwamba baba yenu alifanya kazi miaka thelathini kwa chombo kibovu? Nilikuuliza wewe njiti umeweka. Nilijua wewe ulikuwa unambebea mkoba, nilidhani uliona."

Sikuona, Kaka. Nilikuwa natembea nyuma ya Baba miaka saba nikiutazama ule mkoba, na sikuona. Na yeye alikuwa tayari kwenda kulala na wageni kuliko kuivunja ile ahadi. Aliivunja Jumanne kwa sababu, alisema, ameota Baba akicheka.

Nililia pale pale. Hakunibembeleza, na sikustahili.

Nilipojipangusa nikauchukua ule mpira mwembamba mkobani. Nikaujaza maji nikihakikisha hewa imetoka, ncha moja nikaifunga upande wa mtaro na nyingine upande wa pili, ule wa ukuta wa ua. Maji ndani ya mpira hayana mwalimu wala jina la kulinda, yanatulia usawa mmoja pande zote basi. Upande wa mtaro sakafu ilikuwa chini kwa upana wa kidole gumba. Kwa urefu, mbele hadi nyuma, vidole vitatu kamili. Nikaingia chini kwa tumbo. Bomba la sinki linapita chini ya sakafu kwenda kutokea upande wa ukuta, ule uliokuwa juu. Maji yalikuwa hayatoki. Yalikuwa yanakaa ndani ya bomba, yanachacha, yanarudi. Nililifungua kwa mikono yangu likanimwagikia kifuani, uozo wote wa wiki tano, na nilisema moyoni afadhali. Hakukuwa na mkojo. Yalikuwa maji ya kikombe, ya kunawia mikono, na majani ya chai.

Jioni Jicho aliporudi tulilisawazisha upya. Mbao mbili zaidi chini ya gurudumu la upande wa mtaro, jeki mbele ikashuka kidogo, ikapanda kidogo, mpaka maji ya mpira yakakubali. Kaka, unajua lilipotulia lilikuwa kimo gani? Kile kile alichokuwa amekiweka yeye siku ya kwanza kwa tairi, ndoo na konokono wake. Aliona. Alipiga mluzi. Kwa siku tano sasa anapiga mluzi ndani ya nyumba hii, anapita, anafumba jicho moja, anautazama mlango, anautazama ukuta, anatazama sahani yangu mezani. Nami siwezi kumjibu, kwa sababu Mama kaniapisha nisimwambie habari ya njiti. Mume wangu anajua tu kwamba nilikosea. Mama ameruhusu nikuambie wewe peke yako, maana wewe ndiye mwenye kusaini. Kwa hiyo ukimwandikia shemeji yako, mpongeze kwa jicho lake na uishie hapo. Itanichefua, lakini mpongeze.

Jumatano dada wa mazoezi alikuja. Mama akasimama na fremu kando ya kitanda, akaenda hadi mlangoni, hatua kumi na moja, hakuegemea popote. Akageuka akarudi. Dada wa mazoezi akamrudisha mara mbili zaidi, akafungua daftari, akafuta aliyokuwa ameandika. Mlango ulikaa umefungwa muda wote huo. Uzi wa kufumia ulikuwa juu ya meza, na hadi leo haujaanguka.

Mimi kazini najulikana kwa kunusa doa kabla halijaonekana. Huwacheka wenzangu, nawaambia pua zao ni pambo. Nyani haoni kundule. Nimekaa wiki tano nikimnusa mama yangu, na kilichokuwa kinanuka ni kazi ya mikono yangu.

Nakala ya fomu uliyonitumia nimeichana, vipande vimo ndani ya bahasha hii uvione kwa macho. Nawe ya kwako ichane. Ile barua yangu ya kurasa nne ichome, usimwachie mtoto wako yeyote aikute siku moja akasoma kwamba bibi yake alikuwa mwehu. Kiberiti naamini huko kipo.

Nisalimie sana wifi, na watoto mmoja mmoja, na yule asiyenyolewa mwambie shangazi anamsubiri na mkasi. Shemeji yako anakusalimu kwa mluzi. Jirani aliyetupa matofali naye anakusalimu, anauliza kama trela utaliuza. Mwenyezi Mungu akulinde njiani na kazini, akupe mgongo wenye nguvu, na akurudishe nyumbani ukamkute Mama bado anatembea.

Mama mwenyewe anakusalimu. Anasema hana kinyongo na wewe. Na mimi pia anasema hana, lakini kila asubuhi nikimpelekea chai haipokei kwanza. Ananyoosha kidole kwenye lile sinki, ananiambia, "Nusa." Nami naweka kikombe chini, nainama, nanusa.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda na kukuonea haya,

Mkoba